Bei Ikikosewa, Faida Ni ya Nani?



Duka linauza tangi la maji kupitia mtandao. Aliyeandika bei amekosea, akaacha sifuri moja. Tangi la shilingi 39,900 limeandikwa shilingi 3,990. Wewe umeliona kosa hilo kabla ya mwenye duka. Je, ukinunua matangi kumi na kuyauza kwa faida, umefanya biashara, au umechukua mali ya mtu?

Wengine watajibu haraka, "Nimelipa bei iliyoandikwa, kwa hiyo sina kosa." Wengine watasema, "Huo ni wizi tu, hata kama una risiti." Majibu yote mawili ni mafupi mno. Katika toleo hili tunalieleza jambo lenyewe pole pole: makosa haya hutokea vipi, sheria inasema nini, nani hulipa hasara, na kikundi kifanye nini siku likiwafikia.

KWA NINI JAMBO HILI LINAHUSU KIJIJI

Mtu anaweza kufikiri kwamba hayo ni mambo ya Nairobi. Lakini tazameni kikundi chenu. Ni mwanachama gani asiye na mtoto, ndugu au jirani katika mitaa ya Eastlands: Kayole, Dandora, Umoja, Donholm, Huruma, Pipeline? Zamani tulikuwa tunawatumia hao pesa watununulie sufuria Kamukunji au nguo Gikomba, kisha mzigo unaletwa na basi. Siku hizi kijana wa Umoja anakaa kitandani na simu, anaagiza taa ya sola au pampu ya maji, na mzigo unafikishwa karibu na kwao. Jumia ilianza kuuza hapa Kenya mwaka 2013 na Kilimall mwaka 2014. Wauzaji wadogo nao ni wengi mno kwenye Facebook na WhatsApp.

Kwa hiyo habari ya bei iliyokosewa husafiri mbio. Meseji moja inaingia usiku: "Bei imeanguka, harakisheni kabla hawajashtuka!" Mweka hazina anaisoma, mwenyekiti anaisoma, na kabla ya saa moja kupita pesa ya wanachama ishirini inaweza kuwa imeondoka. Hakuna mkutano uliofanyika wala muhtasari ulioandikwa. Ndiyo sababu ni vizuri kulijadili jambo hili sasa wakati mmetulia, si usiku ule wa haraka.

MAKOSA YA BEI HUTOKEA NAMNA GANI

Katika duka la mtandaoni hakuna mtu wa kaunta anayeshika kitu na kukitazama. Kuna orodha ndani ya kompyuta, na mtu ameijaza kwa vidole vyake. Makosa ya kawaida ni haya:

1. Sifuri kupungua au nukta kuwekwa pasipo mahali pake. 12,000 inakuwa 1,200.

2. Kipimo kubadilika. Bei ya kipande kimoja inaandikwa kuwa bei ya katoni nzima, au bei ya kilo inakuwa bei ya gunia.

3. Punguzo kuingizwa mara mbili. Muuzaji ameshapunguza bei, kisha kompyuta inapunguza tena.

4. Majaribio kuachwa wazi. Mfanyakazi anajifunza mashine, anaweka bei ya uongo kwa kujaribu, halafu bei hiyo inatokea mbele ya watu wote.

Kosa kama hilo dukani kwa kawaida ni dogo. Mama wa kioski akiandika vibaya bei ya unga, mnunuzi wa kwanza au wa pili atauliza, naye atarekebisha. Kwenye mtandao kompyuta haiulizi. Huuza usiku kucha, kwa mtu mmoja au kwa mia tano, na kila mmoja hupata meseji kwamba oda yake imepokelewa. Mwenye duka anaamka asubuhi na kukuta hasara ya mwaka mzima.

KISA CHA PRINTA ZA SINGAPORE

Kiko kisa kimoja ambacho wanasheria wa nchi nyingi hukisoma, nacho kina mafunzo kwetu.

Mwezi wa Januari mwaka 2003, kampuni moja ya Singapore iitwayo Digilandmall ilikuwa ikiuza printa za HP kwa mtandao. Bei ya printa moja ilikuwa dola 3,854 za Singapore. Siku chache kabla ya hapo, wafanyakazi walikuwa katika mafunzo ya kutumia programu mpya. Bei ya majaribio, dola 66, ikaingia kwa bahati mbaya katika duka lenyewe. Hakuna aliyejua.

Usiku wa tarehe 13 Januari, kijana mmoja aliiona bei hiyo akawaambia rafiki zake. Watu sita wa kundi hilo peke yao waliagiza printa 1,606. Hawakuwa watu wasiojua mambo. Walikuwa wamesoma, na mmoja wao alikuwa mwanasheria. Waliziagiza usiku wa manane ili waziuze tena kwa faida. Kufikia wakati kampuni iliposhtuka asubuhi, watu 784 walikuwa wameagiza printa 4,086.

Hebu tupige hesabu ya wale sita tu. Kwa bei ya kweli, printa zao zilikuwa mali ya zaidi ya dola milioni 6. Wao walitaka kulipa dola 106,000 hivi. Kampuni ilipokataa kuwapa, walikwenda mahakamani wakisema, "Tumeagiza, mkatuthibitishia kwa barua ya kompyuta, basi mkataba upo."

Mahakama Kuu iliamua mwaka 2004, na Mahakama ya Rufaa mwaka 2005, kwamba hawana haki. Hawakupata printa hata moja. Majaji hawakutazama bei peke yake. Waliangalia mambo ambayo yalionyesha kilichokuwa moyoni mwa wanunuzi: walitafuta bei ya kweli mahali pengine kwanza, waliambiana usiku, waliharakisha, na wakaagiza printa nyingi kuliko mahitaji ya mtu yeyote. Mtu anayeamini kwamba bei ni halali hana haja ya kufanya hivyo. Kwa ufupi, walijua.

Fundisho ni hili: kosa la muuzaji halikugeuka kuwa haki ya mnunuzi, kwa sababu mnunuzi alijua kuwa ni kosa.

SHERIA INASEMA NINI HAPA KWETU

Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inafuata msingi wa sheria ya mikataba ya Uingereza. Kwa hiyo ni vizuri kujua mambo mawili yanayotoka huko.

Kwanza, bei iliyo kwenye rafu kwa kawaida ni mwaliko tu. Muuzaji anakualika uje useme, "Nataka hiki kwa bei hii." Wewe ndiye unayetoa ombi la kununua, naye anaweza kukubali au kukataa. Kama keshia akiona kwamba kibandiko kimekosewa kabla hujalipa, anaweza kukuambia bei siyo hiyo. Si lazima akuuzie.

Pili, hata kama mmeshakubaliana, mtu hawezi kulishika kosa ambalo alijua kuwa ni kosa. Mwaka 1939 huko London ilikuja kesi ya ngozi za sungura. Wauzaji walikuwa wamezungumza siku zote juu ya bei ya ngozi moja moja. Walipoandika barua ya mwisho wakakosea, wakaandika bei ileile kwa ratili. Ratili moja ilikuwa na ngozi tatu hivi, kwa hiyo bei ilianguka ikawa theluthi. Mnunuzi akakubali mbio mbio. Mahakama ikasema hapana: mfanyabiashara wa ngozi hawezi kukosa kujua kwamba hapo pana makosa.

Lakini tusifikiri kwamba muuzaji hushinda kila mara. Mwanzoni mwa mwaka 2002, kampuni ya Kodak nchini Uingereza ilikuwa imeweka kamera kwa pauni 100 badala ya pauni 329. Watu wengi waliagiza, wakapata uthibitisho. Kampuni ilitaka kukataa, kisha ikakubali kuwapa kwa bei ile baada ya wanunuzi kutishia kwenda mahakamani. Tofauti iko wapi? Kamera ya pauni 329 kuuzwa pauni 100 ni jambo linaloweza kuaminika, hasa wakati wa mauzo ya punguzo. Printa ya dola 3,854 kuuzwa dola 66 haiaminiki. Mnunuzi ambaye kweli hakujua ana nguvu zaidi kuliko mnunuzi aliyejua.

Tena maduka mengi ya mtandaoni huandika katika masharti yao kwamba bei ikikosewa wanaweza kufuta oda na kurudisha pesa. Ni masharti marefu ambayo watu wachache husoma, lakini ukibonyeza kukubali, umekubali.

NANI HULIPA HASARA?

Hapa ndipo pana uzito. Husemwa kwamba kampuni kubwa haitaumia, ina bima, ina matajiri nyuma yake. Pengine ni kweli mara nyingine. Lakini tufuate hasara mpaka mahali inapolala.

Duka kubwa la mtandaoni mara nyingi si mwenye bidhaa. Ni kama soko lenye vibanda. Mwenye bidhaa anaweza kuwa mtu mmoja mwenye chumba kidogo cha simu pale Luthuli Avenue, au mama wa Buruburu anayeuza viatu kutoka sebuleni kwake. Bei aliandika yeye mwenyewe saa nne za usiku baada ya kulaza watoto. Sifuri aliyoiacha ni mtaji wake, na labda mtaji huo ni mkopo wa chama chake. Yeye pia ana kikundi kama chenu kinachomngojea Jumapili.

Mahali ambapo kuna mfanyakazi, hasara hushuka kwake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa pesa iliyopungua kwa uzembe wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi kupokea na kulipa pesa. Sheria inaweka mpaka: makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Lakini hebu fikiri mshahara wa keshia, kisha utoe theluthi mbili. Kilichobaki hakilipi chumba Kayole na nauli ya matatu.

Msichana wa kaunta aliyekupa chenji ya elfu moja badala ya mia moja, au wakala wa M-Pesa aliyehesabu noti vibaya saa kumi na moja jioni wakati foleni imefika barabarani, mara nyingi ndiye atakayelipa. Akifunga hesabu usiku, pengo litaonekana. Wewe umefika nyumbani ukisema "leo Mungu amenikumbuka," kumbe ni mshahara wa mtoto wa mtu.

Mambo haya si mageni kwetu. Kijijini mbuzi asiyejulikana akiingia bomani kwako jioni, humchinji ukasema, "Amekuja mwenyewe." Unamfunga, unatangaza, unamwambia mzee wa kijiji. Torati ya Musa iliagiza hivyo kwa ng'ombe aliyepotea, nasi tunaisoma katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Ndugu zetu Waislamu wa Pumwani na Eastleigh nao wana mafundisho yao ya kutangaza kitu kilichookotwa. Mila zetu, kabla ya vitabu hivyo kufika, zilijua jambo hilohilo. Aliyeokota ni mtunzaji tu mpaka mwenyewe apatikane.

"LAKINI WAO HUTUIBIA KILA SIKU"

Hili ni jibu la watu wengi, nalo lina ukweli ndani yake. Nani hajachukua kitu kwenye rafu kwa bei moja akakuta kaunta inasoma bei nyingine iliyo juu? Nani hajanunua kilo ya sukari isiyofika kilo? Wakikosea kwa faida yao, hawatutafuti mtaani kuturudishia. Kwa nini sisi tuwatafute?

Tujibu kwa sehemu mbili.

Kwanza, dhuluma hiyo ina dawa yake, na tuitumie. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji, kulindwa katika masilahi yake ya uchumi, na kulipwa fidia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza muuzaji kudanganya kuhusu bei, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko. Ukikuta kaunta inasoma bei ya juu kuliko rafu, usinyamaze. Piga picha kibandiko, shika risiti, mwite meneja, na ukatae kulipa ile tofauti. Kikundi kikilalamika pamoja kina sauti kuliko mtu mmoja. Mkilinyamazia jambo hilo halafu mkalipiza kwa keshia, mmemwacha mwenye kosa na kumpiga asiyehusika.

Pili, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ninyi pia ni wauzaji. Kikundi kinauza mayai, asali, vikapu, mboga. Siku katibu wenu ataandika trei ya mayai kwa bei ya yai moja, mtataka mnunuzi afanye nini? Kama mtataka apige simu aseme, "Hebu tazameni vizuri hapa," basi mmeshajua jibu la swali letu.

NDUGU YA JAMBO HILI: PESA ILIYOPOTEA NJIA

M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi mwaka 2007, kosa jipya lilizaliwa: kukosea namba moja na kumtumia mtu usiyemjua. Siku hizi simu inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujamaliza, na hilo limesaidia. Hata hivyo watu bado hukosea, hasa wenye haraka na wazee wasioona vizuri.

Hapa sheria imesema wazi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 35, inasema kwamba anayeficha au kuzuia kwa makusudi malipo ya elektroniki yaliyomfikia kwa makosa ametenda kosa la jinai. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kwa hiyo "sikuiba, nimetumiwa" si kinga.

Ukikosea wewe, tuma meseji ya M-Pesa ya muamala huo kwenda namba 456 mara moja. Pesa ikiwa bado iko kwa mpokeaji, kurudisha ni rahisi zaidi. Ikishatolewa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu. Dakika ni muhimu.

Ukitumiwa wewe kwa makosa, angalieni sana, kwa sababu matapeli wameingia hapo. Fanyeni hivi:

1. Tazama salio lako kwanza. Meseji peke yake si pesa. Tapeli huandika meseji inayofanana na ya M-Pesa kutoka namba ya kawaida, kisha anapiga simu akilia, "Mama, nimekosea, ni pesa ya hospitali." Ukirudisha, umetoa pesa yako mwenyewe.

2. Hata kama pesa imeingia kweli, usiitume tena kwa mkono wako. Mwambie huyo mtu atume meseji yake kwa 456, nawe ukubali irudishwe kwa njia hiyo. Wako wanaokuomba uwarudishie, na huku wameshaomba kampuni irudishe, wakapata mara mbili.

3. Usiiguse. Usitoe, usinunulie kitu, usimkopeshe mtu.

Jambo moja zaidi. Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, hujilipa yenyewe mara pesa yoyote ikiingia. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa ya mgeni ikija kwa makosa, deni litaimeza kabla hujashika simu. Utasema hukuila. Lakini deni lako limepungua kwa pesa ya mtu mwingine, kwa hiyo unadaiwa naye. Mweleze ukweli, mpatane mtalipana vipi.

HESABU YA KIKUNDI

Turudi kwa matangi yetu. Tuseme kikundi kina wanachama 20, kila mmoja huweka shilingi 200 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 4,000 kwa wiki. Matangi kumi kwa bei iliyokosewa ni shilingi 39,900. Kwa hiyo mmetoa akiba ya karibu wiki kumi usiku mmoja.

Sasa mambo mawili yanaweza kutokea.

La kwanza, muuzaji anashtuka na kufuta oda. Ndilo linalotokea mara nyingi. Pesa inapaswa kurudi, lakini hairudi siku hiyohiyo. Mnapiga simu, mnatumwa huku na huku. Kama ilikuwa pesa ya mbolea, mvua ya masika imeshanyesha na mahindi ya majirani yamefika magotini. Wanachama wanaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya. Uaminifu wa miaka mingi umetikisika kwa sababu ya kitu ambacho hakikufika.

La pili, matangi yanakuja. Muuzaji amepoteza shilingi 35,910 kwa kila tangi, yaani shilingi 359,100 kwa matangi kumi. Mnayauza, mnagawana. Pesa hiyo mtaiandika vipi katika daftari? Mtaandika "faida ya biashara"? Na mwanachama mmoja akijua kwamba kikundi kilipata pesa kwa kumnyamazia mtu aliyekosea, siku mweka hazina atakapokosea hesabu kwa faida ya mwanachama huyo, atasema? Mmeshamfundisha kunyamaza. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini ipo pia mali ambayo daftari lenyewe huona haya kuiandika.

NAMNA YA KUPIMA

Si kila bei ya chini ni kosa. Wenye maduka hupunguza bei kweli: mwisho wa mwaka, bidhaa zinazotoka sokoni, kitu chenye mkwaruzo, au kitu kimoja kinachouzwa kwa hasara ili wateja waje. Mnunuzi hana wajibu wa kumhurumia muuzaji aliyeamua kushusha bei. Kujua soko na kununua mapema ni akili ya biashara, wala hakuna dhambi hapo. Basi tutapambanuaje? Jiulizeni maswali manne:

1. Je, naamini kwamba mwenye duka anaijua bei hii? Kama limeandikwa neno punguzo na bei ya zamani ipo, pengine anajua. Kama hakuna maelezo na bei ni sehemu ya kumi, pengine hajui.

2. Je, ninaweza kumpigia simu na kumuuliza bila kuogopa jibu? Hiki ndicho kipimo kikubwa. Kama unaogopa kuuliza kwa sababu akijua atabadilisha, basi wewe umeshajua.

3. Je, ninanunua kwa mahitaji yangu au kwa sababu ya kosa? Aliyehitaji tangi moja na kulikuta kwa bei ya chini si sawa na aliyeagiza kumi usiku wa manane.

4. Je, ninaweza kusimama mbele ya mkutano wa kikundi na kueleza kila hatua?

Kuna hali ya katikati, tusiifiche. Pengine ulinunua kwa moyo safi, kitu kimoja, bei ikaonekana ya kawaida, ukakitumia. Baada ya mwezi muuzaji anakuja na kusema alikosea. Hapo hukumnyang'anya mtu. Huna lazima ya kubeba hasara yote ya kosa lake. Zungumzeni: pengine unarudisha kitu naye anakurudishia pesa yote pamoja na gharama ya usafiri, au mnagawana tofauti. Biashara haigombi.

Na muuzaji naye ana wajibu wake. Akifuta oda, arudishe pesa yote bila kukata na bila kuchelewesha, na asikulazimishe kuchukua kitu kingine. Asitumie neno "tulikosea" kuwa mtego wa kuvutia watu kwa bei ya uongo na kisha kuwauzia ghali. Anayefanya hivyo mara kwa mara hajakosea. Huyo ni wa kushtakiwa.

MAMBO YA KUPITISHA KATIKA KIKUNDI

Tunashauri kwamba katika mkutano ujao mpitishe na kuandika mambo haya:

1. Pesa ya kikundi haitatumika kununua kitu kwa mtandao kabla ya watu watatu kukubali: mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

2. Bei ikionekana ya ajabu, katibu atampigia muuzaji kwanza. Jibu litaandikwa.

3. Oda zote zihifadhiwe: picha ya bei, meseji ya malipo, jina la muuzaji.

4. Pesa yoyote itakayoingia kwa kikundi kwa makosa itaandikwa katika ukurasa wake, haitaguswa, na mwenyewe atatafutwa kwa njia iliyo salama.

5. Kikundi kikikosea bei ya bidhaa zake, kitamwambia mnunuzi ukweli mara moja, na kumrudishia pesa yake bila kumsumbua.

MASWALI YA KUJADILI

— Je, kuna tofauti kati ya kunyamaza wakati keshia amekupa chenji nyingi na kuagiza bidhaa kumi kwa bei iliyokosewa? Ni ipi?

— Mwanachama akinunua kwa pesa yake mwenyewe, si ya kikundi, kikundi kina neno la kusema?

— Katika soko lenu, ni wauzaji gani wanaodanganya kwa mizani au bei, nanyi mmeshafanya nini juu yao?

— Taja siku ambayo mtu alikurudishia kitu ambacho angeweza kukificha. Unamkumbuka kwa nini?

Someni makala hii kwa sauti, hasa kwa wanachama wasioweza kusoma, na mlipe kila swali muda wake. Msiharakishe kupiga kura. Uamuzi ambao wazee na vijana wameuzungumza pamoja ndio utakaokumbukwa usiku ule meseji itakapoingia.